Kupima Unene wa Wanafunzi: Sentimita Moja Inavyomhamisha Mtoto Kundi

Chukua msichana wa Gredi ya 7 aliyetimiza miaka 13 mwezi huu. Kimo chake ni sentimita 150, uzani wake kilo 49. Zidisha 1.50 kwa 1.50 upate 2.25, kisha gawa 49 kwa hiyo: 21.78. Hiyo ndiyo BMI yake, yaani uzani wake ukilinganishwa na kimo. Jedwali la Shirika la Afya Duniani (WHO) la mwaka 2007 linasema msichana wa miaka 13 kamili huhesabiwa kuwa na uzani uliozidi akipita 21.8. Huyu amegota mpakani, lakini hajavuka.

Sasa mpandishe kwenye mizani na sweta na viatu vyake vya ngozi, uongeze gramu 900 hivi. BMI inakuwa 22.2, amevuka. Mvue hivyo vyote, lakini anayesoma kimo asione kwamba mtoto ameinamisha kidevu, asome 149. BMI ni 22.1, amevuka tena. Mwache na fundo la nywele utosini lisome 152: 21.2, amerudi salama. Muulize umri kwa mdomo ajibu "kumi na mbili", na mpaka wenyewe unashuka hadi 20.8, hapo amezidi hata kabla hujamgusa. Mtoto ni yule yule, na mwili wake ni ule ule.

Ndiyo maana nikisikia kwamba asilimia fulani ya wanafunzi wa Nakuru au Kisumu ni wanene, huuliza kwanza ubao wa kupimia kimo uliwekwa wapi, tarehe za kuzaliwa zilitoka kwenye karatasi gani, na mstari wa mpaka uliotumika ni wa nani.

Tuanze na mstari. Chati iliyobandikwa ukutani katika zahanati nyingi ni ya watu wazima: chini ya 18.5 ni wembamba, kuanzia 25 ni uzani uliozidi, kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Kumpima nayo mvulana wa miaka 14 ni kumkosea. Akiwa na kilo 58 na kimo cha sentimita 160, BMI yake ni 22.7, na chati ya ukutani itamwita wa kawaida. Jedwali la umri wake linaweka wastani wa kati, yaani BMI ya mtoto wa katikati wote wakipangwa kwa foleni, kwenye 19.0, uzani uliozidi kuanzia juu ya 21.8, na unene wa kupindukia kuanzia juu ya 25.9. Amezidi, tena si kwa kubahatisha. Mipaka hupanda na umri kwa sababu mwili wenyewe unabadilika. Mvulana wa miaka 10 huhesabiwa amezidi akipita 18.5, na wa 16 akipita 23.5. Wasichana wana mistari yao, na kwa miaka 14 ni 22.7 na 27.3. Ukifika miaka 19, mistari ya jinsia zote mbili hukutana karibu kabisa na 25 na 30 za watu wazima, na hilo halikutokea kwa bahati.

Mistari hiyo huitwa +1 na +2, yaani mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika) mmoja au miwili juu ya wastani wa kati. Upande wa chini, chini ya −2 ni wembamba, chini ya −3 ni wembamba mkali. Hapa ndipo wenzetu waliozoea kliniki ya watoto wachanga huteleza. Kwa walio chini ya miaka mitano, WHO huhesabu uzani uliozidi kuanzia juu ya +2, na unene wa kupindukia juu ya +3. Mtu amejaza vijitabu vya kliniki miaka kumi, kisha anapelekwa shule ya upili na kuendelea na desturi ile ile. Watoto wengi wanaopaswa kuorodheshwa humponyoka bila yeye kujua.

Jambo lingine kuhusu +1: katika kundi la watoto ambao jedwali lilitengenezwa kwa data zao, karibu asilimia 16 wako juu ya mstari huo kwa hesabu tu. Data zenyewe za umri wa shule ni za watoto wa Marekani waliopimwa miaka ya 1960 na 1970, zikaunganishwa na viwango vya WHO vya watoto wadogo ili kusiwe na mruko mtoto anapotimiza miaka mitano. Kwa hiyo utafiti wako ukileta asilimia 16, usikimbilie gazetini na neno "janga". Umepata kundi linalofanana na lile la zamani.

Kuna majedwali mengine mawili utakayokutana nayo. La CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, la mwaka 2000 hutumia pasentaili, yaani nafasi ya mtoto kati ya mia: 85 kwa uzani uliozidi, 95 kwa unene wa kupindukia. La IOTF (kikosi kazi cha kimataifa kuhusu unene), lililochapishwa na Tim Cole na wenzake mwaka 2000, lilichora mistari inayopita 25 na 30 mtu anapotimiza miaka 18, kutoka data za Brazil, Uingereza, Hong Kong, Uholanzi, Singapore na Marekani. Kwa mvulana wa miaka 14, mstari wa kwanza wa IOTF ni 22.62, ule wa WHO ni 21.8. Mwenye kilo 57 na sentimita 160 ana BMI ya 22.3: kwa WHO amezidi, kwa IOTF yuko sawa. Hakuna aliyekosea hapo. Lakini ukilinganisha utafiti wa Kisumu uliotumia WHO na wa Eldoret uliotumia IOTF, ukasema Kisumu kuna wanene zaidi, huenda tofauti yote uliyoiona imetoka kwenye majedwali. Kwa kazi ya shule zetu mimi hupendelea WHO, kwa kuwa ndiyo inayotumika katika ripoti nyingi za huku na programu yake ya AnthroPlus ni ya bure. Ukiweza, toa hesabu kwa yote mawili; kompyuta haichoki.

Turudi kwenye ubao, kwa sababu kimo ndicho kinachoharibu kazi kuliko kitu kingine chochote. Katika hesabu ya BMI kimo kinazidishwa kwa chenyewe, hivyo kosa la asilimia moja kwenye kimo linakuwa karibu asilimia mbili kwenye jibu. Kosa la uzani linabaki vile lilivyo.

Stadiomita (ubao maalumu wa kupimia kimo) ya kubebeka ni nzuri, lakini shule nyingi utakuta tepu iliyobandikwa ukutani. Angalia mambo mawili. Kwanza, sifuri ya tepu iko sakafuni kweli? Tepu za fundi cherehani zina kibati mwishoni, na mara nyingi mtu hukipinda au kukikata ndipo akabandike. Pia zile za plastiki hurefuka kadiri zinavyovutwa. Chukua tepu ya chuma ya fundi mjenzi, pima kutoka sakafu hadi alama ya 150, uone kama ni 150. Pili, ukuta una ukingo wa saruji au mbao chini? Ukingo huo humsukuma mtoto mbele na kisigino hakifiki ukutani. Tafuta ukuta ulionyooka, au fremu ya mlango. Sakafu ikiwa imebomoka, kama madarasa mengi ya zamani yalivyo, weka kipande cha plaiwudi na ukijaribu kwa pimamaji pande zote mbili kabla ya mtoto wa kwanza kupanda. Tepu ianzie juu ya plaiwudi hiyo, si sakafuni.

Mtoto avue viatu na soksi nene. Visigino vigusane, migongo ya visigino, makalio na mabega viguse ubao. Kwa mtoto mnene mabega na kisogo huenda visifike, na usimlazimishe. Kunyooka kwake ndiko muhimu. Kichwa kikae hivi: mstari kutoka ukingo wa chini wa jicho hadi kijinofu kilicho mbele ya tundu la sikio uwe sambamba na sakafu. Kosa la kila siku ni kumwambia "inua kichwa", naye anatazama dari. Mwambie atazame mtu aliyesimama mbele yake, avute pumzi ndani, kisha teremsha kibao hadi kibane nywele. Usitumie kitabu cha mazoezi wala rula juu ya kichwa, kwa maana vyote huinama. Kama huna kibao cha stadiomita, skwea ya seremala inafanya kazi: upande mmoja ulale ukutani, mwingine utue kichwani. Soma macho yako yakiwa usawa wa kibao. Mpimaji mfupi apande stuli.

Nywele zinahitaji busara. Matuta yaliyolala hayadhuru sana. Fundo, rasta nene na mabutu ya utosini hudhuru. Usimfungue mtoto nywele zilizosukwa jana kwa pesa za mamake. Mwombe ahamishe fundo nyuma, na likishindikana, pima kama lilivyo, andika "fundo" kwenye fomu, na data yake iangaliwe pekee.

Kimo hupungua mchana, kwa sababu visahani laini vya kati ya pingili za mgongo hubanwa mtu anaposimama na kubeba mkoba. Tofauti ya asubuhi na jioni hufika sentimita moja. Darasa moja ukilipima saa mbili asubuhi na lingine saa kumi baada ya michezo, umeweka tofauti isiyokuwepo.

Mizani iwe ya dijitali inayosoma hadi gramu 100, kwenye sakafu ngumu. Juu ya mkeka, zulia au murram hudanganya. Wapime kabla ya chakula cha mchana ikiwezekana: sahani ya githeri na vikombe viwili vya maji vinafika kilo moja bila shida. Waende msalani kwanza. Wavue sweta, tai, viatu, mshipi, na mifuko itolewe vitu. Utashangaa simu, kalamu na mandazi vinavyotoka humo. Usitoe uzani wa sare kwa kukisia. Ukishindwa kumvua mtu sweta kwa sababu ya baridi ya Nakuru asubuhi, pima sweta tano za shule hiyo, pata wastani, uandike kwenye ripoti kwamba umetoa kiasi hicho.

Kila asubuhi jaribu mizani kwa uzani unaojulikana. Watu hupenda kutumia mtungi wa maji wa lita 20, lakini mitungi hiyo ikijazwa hadi mdomoni huingiza zaidi ya lita 20, na ina uzani wake yenyewe. Heri uupeleke mara moja kwenye mizani iliyokaguliwa na maafisa wa vipimo na mizani wa serikali, uandike jibu juu yake kwa rangi, uufunge kifuniko usivuje, kisha uutumie huo huo siku zote.

Na hili wengi hawalijui. Mvutano wa dunia ni mdogo kwenye ikweta kuliko kaskazini ya Ulaya, na sisi tuko juu ya ikweta kabisa. Pale Maseno inakata barabara. Mizani ya dijitali hupima nguvu inayoisukuma chini. Iliyorekebishwa Hamburg na kuletwa Kisumu bila kuwekwa upya itampunguzia mtoto wa kilo 50 karibu gramu 190. Ni kidogo, lakini ni zaidi ya tarakimu ya mwisho unayojivunia kusoma. Mizani nzuri za hospitali zina sehemu ya kuweka eneo. Fungua kijitabu chake uangalie.

Kila kipimo kifanywe mara mbili, mtoto akishuka na kupanda tena, na anayeandika arudie namba kwa sauti ya chini. Vimo vikitofautiana zaidi ya nusu sentimita, pima mara ya tatu, uchukue wastani wa viwili vinavyokaribiana. Kabla ya kuanza kazi, kila mpimaji apime wanafunzi 20 mara mbili bila kuona majibu ya kwanza. Chukua tofauti za kila mtoto, kila moja uizidishe kwa yenyewe, zijumlishe, gawa kwa 40, utafute kipeo cha pili. Jumla ikiwa 3.6, jibu, yaani kosa lake la kawaida, ni sentimita 0.3, na huyo anaweza kwenda kupima shuleni. Anayeleta sentimita 1 arudi mazoezini, hata kama yeye ndiye mwenye shahada.

Umri nao. Majedwali ya WHO huenda kwa mwezi, kwa hivyo "miaka 13" haitoshi. Chukua tarehe kwenye cheti cha kuzaliwa au kijitabu cha kliniki, usichukue kwenye rejista ya darasa pekee. Wapo waliotafutiwa cheti wakati wa kusajiliwa mtihani, na ukiona tarehe 1 Januari zimerundikana ujue kuna kukisia. Siku isipojulikana, weka 15 ya mwezi huo. Ukiingiza kwenye kompyuta, hakikisha haijawekwa kwa mtindo wa Kimarekani unaotanguliza mwezi. 04/09/2012 ya kwetu ni tarehe nne Septemba. Kompyuta ikiisoma Aprili tisa, mtoto amezeeka miezi mitano. Mbaya zaidi, haitakulalamikia isipokuwa siku ikizidi 12. Andika mwezi kwa herufi, yaishe.

Data ikishaingia, AnthroPlus huweka alama kwenye BMI iliyo chini ya −5 au juu ya +5, na kimo kilicho nje ya −6 na +6. Usizifute upesi. Rudi kwenye fomu kwanza: mara nyingi 105 ilikuwa 150, au msichana kaandikwa mvulana. Kisha hesabu tarakimu za mwisho za vimo vyote. Wanafunzi 200 wanapaswa kugawana 0 hadi 9 takriban ishirini ishirini. Ukiona 70 zinaishia na sifuri, mtu alikuwa akizungusha namba.

BMI haijui mafuta na misuli. Nenda mazoezi ya raga Kakamega, mpime kijana wa safu ya mbele, jedwali litamwita mnene naye hana hata tumbo. Wasichana nao hutangulia kubalehe, na kuongeza mafuta wakati huo ni kazi ya mwili, si ugonjwa. Wawili wa miaka 12, mmoja ameanza hedhi na mwingine bado, watatofautiana BMI bila yeyote kuwa na tatizo. Mnamo Januari 2025 jopo la wataalamu katika jarida la Lancet Diabetes & Endocrinology lilishauri kwamba BMI peke yake isitumike kumtambua mtu kuwa ana ugonjwa wa unene; unene huo uthibitishwe kwa kipimo kingine.

Kipimo cha pili kinachowezekana shuleni ni kiuno. Papasa ubavu wa chini kabisa na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, weka alama katikati yao, zungusha tepu sambamba na sakafu bila kubana, usome mwishoni mwa pumzi ya kawaida ya kutoka. Gawa kwa kimo. Ikifika 0.5 au zaidi, yaani sentimita 75 kwa mwenye kimo cha 150, mafuta ya tumboni yanatia shaka. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji jedwali la umri. Kalipa ya kubana ngozi sina hamu nayo: kwa mtoto mnene kunjo halishikiki vizuri, hivyo inakosea zaidi pale pale unapoihitaji. Mashine za umeme zinazosoma asilimia ya mafuta hutegemea maji ya mwilini, na mtoto aliyetoka uwanjani akitoka jasho atasomwa vibaya. DXA (eksirei ya kupima mafuta mwilini) na kunywesha maji yenye deuteriamu (hidrojeni nzito) ni vya watafiti wenye fedha.

Wapime mmoja mmoja nyuma ya pazia, wasichana na mpimaji wa kike, na namba isisomwe wenzake wakasikia. Jina la "kibonge" likimshika mtoto Jumatatu, litakuwa naye hadi amalize shule. Ridhaa ya mzazi iwe imeandikwa, mtoto naye akubali mwenyewe. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za mtoto apate ridhaa ya mzazi au mlezi. Kama ni utafiti, kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, vije kabla ya mizani.

Katika ripoti, tenganisha wavulana na wasichana, na umri kwa mwaka. Taja jedwali, aina ya mizani, saa za kupima, makosa ya kila mpimaji, na wangapi walikataa, maana aghalabu wanaokataa ni wale wanene. Na shule ulizochagua uzitaje kwa aina: akademia mbili za Milimani, mtaa wa wenye uwezo, hazisemi lolote kuhusu mitaa ya kipato cha chini kama Nyalenda au Kaptembwo.

Walio kati ya +1 na +2 na kiuno chini ya 0.5 hawahitaji barua ya kutisha. Walio juu ya +2, au wenye kiuno kilichozidi, waelekezwe hospitali ya kaunti wapimwe shinikizo la damu kwa mkanda unaotosha mkono wao, na sukari, hasa ngozi ya shingo ikiwa imekolea weusi na kuwa nene kama mahameli. Lakini kabla jina la yeyote halijaandikwa kwenye bahasha, apimwe upya siku nyingine, asubuhi, bila sweta, na mpimaji ambaye hajaona namba ya kwanza.